Anayetafuta mtoto naye ni mlipakodi

Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam, iwe Mbagala, Manzese au Tegeta, kuna tangazo lisilokosekana. Dawa ya kuzibua mirija. Dawa ya kusafisha kizazi. Namba ya simu imeandikwa kwa herufi nene kuliko maneno mengine yote, na pale ambapo mtu angetegemea kuona jina la hospitali au namba ya usajili pako wazi. Mitandaoni mambo ni yaleyale, ila huko dawa huletwa na bodaboda mpaka mlangoni.

Biashara hiyo inaishi kwa watu waliokata tamaa. Mteja wake mara nyingi ni mwanamke aliyekwisha kupita hospitali, akaambiwa mirija yote miwili imeziba na kwamba njia iliyobaki ni upandikizaji mimba, ule ambao wengi huuita IVF. Kisha akatajiwa bei. Tanzania, mzunguko mmoja wa matibabu mara nyingi huvuka shilingi milioni kumi. Nairobi, hospitali binafsi nyingi hutoza kati ya Sh400,000 na Sh600,000 za Kenya. Tena kulipia mzunguko mmoja si kununua mtoto mmoja, kwa sababu hata kwenye maabara bora kabisa duniani majaribio mengi huisha bila mimba.

Upandikizaji haumo katika kitita cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, nchini Tanzania, wala katika huduma zinazolipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, nchini Kenya. Mwalimu wa shule ya msingi anakatwa mchango kila mwezi tangu siku ya ajira yake ya kwanza. Akiugua malaria analipiwa, akivunjika mguu analipiwa. Akishindwa kupata mtoto anaambiwa ajitafutie.

Je, fedha za umma zigharamie matibabu ya ugumba? Na je, serikali iwasaidie wenye familia kubwa kwa kuwa wamezaa wengi? Maswali haya mawili huletwa pamoja kila mara, bungeni na vijiweni, kana kwamba jibu la moja ndilo jibu la jingine. Sivyo. La kwanza ni swali la tiba, na jibu lake linapaswa kuwa ndiyo. La pili ni swali la idadi ya watu, na serikali iliyojaribu kununua idadi kwa kodi haijawahi kupata ilichokilipia.

Upinzani dhidi ya jibu hilo la kwanza una uzito wake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, wakiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka huohuo ulionyesha kuwa mwanamke wa Kitanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8. Vifo vya uzazi, ingawa vimeshuka sana kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015-16, bado vilikuwa 104. Mhasibu wa wizara akiulizwa aanze na nini, anunue damu salama kwa ajili ya mama anayetokwa damu Tandahimba, au alipie mayai ya mwanamke mmoja yarutubishwe maabara, ni rahisi kuona kalamu yake itakakoelekea. Nchi ina watoto tele, atasema, na walio tayari kulea wanaweza kuasili yatima.

Lakini wingi wa maji ya Ziwa Victoria haumtoi kiu aliye Manyoni. Wastani wa watoto 4.8 haumfuti machozi aliyekaa miaka tisa kwenye ndoa huku mawifi wakimtafutia mume wake mke wa pili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani, yaani asilimia 17.5, hukumbwa na ugumba katika wakati fulani wa maisha yake, na kwamba nchi maskini hazijaepushwa na tatizo hilo kuliko zile tajiri. Tofauti iko kwenye anayelipa. Kwa maskini, analipa mwenyewe, na akikosa cha kulipa analipa kwa talaka.

Kuna jambo jingine ambalo mhasibu yule hulisahau. Sehemu kubwa ya ugumba wa Afrika inatokana na sababu zilezile zinazoua akina mama. Kisonono na klamidia visivyotibiwa hupanda hadi kwenye mirija na kuacha makovu. Mimba iliyotolewa kwa njia za kificho huacha maambukizi. Mama aliyejifungulia nyumbani, kwa wembe uliotumika na mikono isiyooshwa, anaweza kupona homa ya uzazi kisha asishike mimba tena kamwe. Ndiyo maana huku kwetu wengi wa wanaohangaika na ugumba ni watu waliokwisha kuzaa mara moja. Mtoto wa kwanza yupo, ana miaka kumi na miwili, na hakufuatwa na mwingine. Kumweka muuguzi mwenye glavu na dawa za viuavijasumu kwenye zahanati ya kijiji kunamlinda mama asife na kunailinda mirija yake isizibe. Fungu ni moja.

Afrika Mashariki ilishawahi kulijua hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 watawala wa Kiingereza na wamisionari nchini Uganda walishtuka kuona Buganda haizai kama walivyotarajia, wakayashuku magonjwa ya zinaa. Mwaka 1913 kikaanzishwa kituo cha kutibu magonjwa hayo juu ya kilima cha Mulago. Hospitali kuu ya taifa ya Uganda ya leo ilianzia hapo, kwenye tiba iliyokusudiwa kuokoa uzazi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, Buhaya nayo ilikuwa na uzazi mdogo kuliko majirani zake, na magharibi zaidi, katika misitu ya Kongo, takwimu za miaka ya 1950 zilionyesha sehemu ambazo zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano alifika uzeeni bila kuzaa hata mara moja. Penisilini iliposambaa baada ya Vita Kuu ya Pili, uzazi ulipanda. Serikali ya kikoloni ilifanya hivyo kwa sababu zake, ikitaka vibarua na walipakodi wa kichwa, wala haistahili kupewa shukrani. Ila sindano zile zililipiwa na fedha za umma, na zilifanya kazi.

Yafaa kutazama kwa karibu tiba hii ya upandikizaji inayobishaniwa inamtaka mwanamke afanye nini, kwa sababu wengi wanaoipinga huifikiria kama anasa, jambo la wenye nazo. Huanza na kipimo cha HSG. Mwanamke hulala kwenye meza baridi ya eksirei, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, kisha dawa inayoonekana kwenye picha husukumwa polepole. Mirija ikiwa wazi, dawa huonekana ikitoka kwenye ncha zake na kutawanyika tumboni. Ikiwa imeziba, dawa hugota, shinikizo huongezeka, na maumivu ya tumbo humjia kama ya hedhi mbaya kuliko zote alizowahi kupata. Wapo wanaolijua jibu lao kwa maumivu kabla daktari hajasema neno.

Akiingia kwenye upandikizaji, atajichoma sindano za homoni tumboni kila siku kwa siku kumi hivi, ili mayai mengi yakomae kwa pamoja badala ya moja la kila mwezi. Dawa hizo hukaa kwenye friji, na mwenye friji isiyo na umeme wa uhakika analazimika kuomba nafasi kwa jirani, huku akitafuta uongo wa kumweleza. Mayai yakiiva hunyonywa kwa sindano ndefu inayoongozwa na altrasaundi. Maabara huyakutanisha na mbegu za mume, na kiinitete kikishakua siku tatu hadi tano hurudishwa kwenye kizazi. Kisha husubiriwa wiki mbili. Hizo ndizo wiki ambazo wanawake waliopitia tiba hii huzitaja kuwa ngumu kuliko sindano zote.

Njia hiyo si ngeni tena. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutungwa kwa namna hiyo, alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978; leo ni mama. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili imejenga kituo chake cha upandikizaji, hatua ya kupongezwa bila kusita. Lakini kituo cha umma na tiba inayolipiwa na umma ni vitu viwili. Mlango unaweza kuwa wa serikali na bei ikabaki ya kumfukuza mkulima wa Nachingwea.

Nchi iliyofungua milango hiyo kwa kishindo kuliko nyingi ni Hungaria. Ni mfano mzuri wa kufikirisha, kwa sababu Hungaria iliyachanganya yale maswali mawili kwa makusudi. Februari 2019 Waziri Mkuu Viktor Orbán alitangaza mpango wa mambo saba wa kuwafanya Wahungaria wazae zaidi, akisema wazi kwamba nchi yake inataka watoto wa Kihungaria, si wahamiaji. Tangu Januari 2020 mama wa watoto wanne alisamehewa kodi ya mapato maisha yake yote. Familia yenye watoto watatu au zaidi ilipewa forinti milioni 2.5 za kusaidia kununua gari la viti saba. Wanandoa vijana waliweza kukopa forinti milioni 10 bila riba: akipatikana mtoto wa pili, karibu theluthi ya deni inafutwa, akija wa tatu, deni lote linakwisha. Miaka mitano ikipita bila mtoto, kwa kanuni ya jumla nafuu ya riba inaondolewa na wanandoa wanadaiwa ile waliyosamehewa.

Mtu asiyejaliwa aisome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Mkopo wa namna hiyo unaugeuza ugumba kuwa deni la benki.

Kwa upande wa tiba, serikali ya Orbán ilizinunua kliniki kubwa za upandikizaji, na kuanzia Februari 2020 huduma hiyo pamoja na dawa zake ikawa bure kwa wanaostahili. Hilo lilikuwa jema, na wanandoa wengi walishusha pumzi. Baadaye, katikati ya 2022, kliniki binafsi zikazuiwa kabisa kutoa tiba hiyo. Foleni zikarefuka, na wenye uwezo wakaanza kuvuka mpaka kwenda Jamhuri ya Cheki, Slovakia na Austria kutafuta daktari wanayemtaka. Serikali iliona kila kiinitete kuwa mchango kwa taifa, na ikaamua kukisimamia yenyewe.

Na matokeo? Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 1.23 mwaka 2011. Ulipanda hadi karibu 1.6 mwaka 2021, na Budapest ikashangilia. Kisha ukateremka, na mwaka 2024 ulikuwa chini ya 1.4, huku watoto waliozaliwa mwaka huo wakiwa 77,500 hivi, wachache kuliko wale zaidi ya 90,000 waliozaliwa mwaka 2010 Orbán alipoingia madarakani. Jamhuri ya Cheki, nchi nyingine ya Ulaya ya Kati isiyokuwa na mbwembwe hizo, ilifika 1.83 mwaka 2021 na ikaanguka vilevile. Fedha ziliwasaidia watu kuwahi kuzaa watoto ambao walishaamua kuwazaa, wakapata nyumba na gari mapema. Hazikuwashawishi wasiotaka.

Zaidi ya hapo, ni nani aliyenufaika? Misamaha ya kodi humfaa mwenye mshahara wa kukatwa kodi, na anayepata zaidi ni mwenye mshahara mkubwa zaidi. Wakati huohuo posho ya kawaida ya mtoto, ile inayomfikia kila mzazi hata asiye na ajira, ilibaki forinti 12,200 kwa mwezi kwa mtoto wa kwanza, kiasi kilekile cha mwaka 2008, huku bei za mkate na gesi zikipanda. Mama wa jamii ya wachache ya Waroma asiye na kazi, mwenye watoto watano, hakuwa na kodi ya kusamehewa. Mpango uliotangazwa kwa jina la familia kubwa uliziacha nje familia kubwa zilizo maskini kuliko zote, na hapo ndipo penye aibu yake.

Afrika Mashariki inaweza kuchukua nusu ya mpango huo na kuiacha nusu nyingine. Hapa hakuna kiongozi mwenye haja ya kuwahimiza watu wazae, ingawa wapo waliojaribu. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwashauri wananchi waachane na uzazi wa mpango, kwamba mwenye shamba na mifugo hashindwi kulisha watoto. Maneno yale yalienea dunia nzima. Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba sheria za nchi yake zilikuwa zikisema kinyume. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, lakini inamlazimisha mwajiri kuilipa likizo hiyo mara nne tu katika ajira ya mfanyakazi. Wa tano hana lake. NHIF nayo imekuwa ikimlipia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne, basi.

Kwa hiyo mama alihimizwa jukwaani azae, na akiwa na mimba ya tano sheria inamruhusu mwajiri asimlipe. Hali hiyo inafaa irekebishwe, si kwa ajili ya kuongeza watu, bali kwa sababu mtoto wa tano hakuchagua nafasi yake. Mgongo wa mama aliyejifungua mara ya tano unahitaji mapumziko kuliko ule wa mara ya kwanza. Msaada wa umma ukimfuata mtoto mwenyewe, kama inavyofanya elimu bila ada tangu 2016 na kama zinavyofanya chanjo za kliniki, familia kubwa inapata zaidi kwa kuwa ina watoto wengi zaidi, bila mzazi kupewa zawadi kwa kuzaa wala adhabu kwa kuzidisha. Hakuna sababu ya kumwongezea mtu gari la viti saba.

Lakini anayepata kitoto kimoja baada ya miaka kumi ya kusubiri ana haki gani kwenye hazina ya umma? Ana haki ya mgonjwa. Ugumba una chanzo, una vipimo, una tiba, na Shirika la Afya Duniani huuhesabu miongoni mwa magonjwa. Hilo linatosha. Wanaoutetea kwa hoja kwamba watoto wa upandikizaji watakuja kulipa kodi, au watalinda taifa, wanaitia tiba katika mtego wa Hungaria, kwa sababu siku taifa likisema lina watu wa kutosha, mgonjwa atafukuzwa kliniki.

Gharama nayo si mlima usiopandika. Daktari Willem Ombelet wa Ubelgiji na mwanasayansi Jonathan Van Blerkom wa Marekani walibuni maabara rahisi isiyohitaji mashine za bei mbaya za kutunza viinitete. Walichukua mirija miwili ya kioo iliyounganishwa: katika mmoja asidi ya sitriki hukutana na bikaboneti, vitu vya kawaida vya jikoni, ikatoka hewa ya kaboni dioksidi ambayo mayai yaliyorutubishwa huihitaji, katika mwingine kiinitete kinakua kwenye joto la mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa mwaka 2012. Haimfai kila mgonjwa. Tatizo kubwa la mbegu za kiume, kwa mfano, linahitaji yai lichomwe mbegu moja moja chini ya hadubini, kazi ya vifaa ghali. Kwa mwanamke mwenye mirija iliyoziba na mume mwenye mbegu nzuri, ambao ndio wengi huku kwetu, inafaa.

Mipaka lazima iwepo, kwa kuwa fedha za umma zisizo na mipaka huishia kwa wajuao milango. Israel hulipia upandikizaji hadi wanandoa wapate watoto wawili, mradi mwanamke hajafikisha miaka 45, ukarimu ambao mataifa machache yanaumudu. Japani, tangu Aprili 2022, bima ya taifa hulipia majaribio sita kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40 na matatu kwa wa miaka 40 hadi 42. Nchi za Afrika Mashariki zinaweza kuanza na majaribio mawili kwa aliye chini ya miaka 40 asiye na mtoto, katika hospitali za umma, kiinitete kimoja kwa wakati ili kuepuka mapacha wanaozaliwa njiti na kujaza wodi za watoto wachanga. Linalohitajika pamoja na fedha ni sheria. Kenya iko mbele: muswada wa teknolojia ya kusaidia uzazi, ulioletwa na mbunge wa Suba Kaskazini, Millie Odhiambo, na kurudishwa mara kadhaa kwa miaka, ulipitishwa na Bunge la Taifa Novemba 2025. Unaweka leseni kwa kliniki na kukataza biashara ya kubeba mimba ya mtu mwingine. Bila mwongozo wa aina hiyo, bima ingekuwa inalipa bila kujua inalipia nini.

Kabla ya yote hayo kuna hatua ndogo inayoweza kuanza bajeti ijayo. Mwanamume huchangia ugumba katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, lakini mkewe ndiye anayezungushwa hospitali kwa hospitali na mganga kwa mganga, wakati mwingine miaka mitano kabla mume hajapimwa hata mara moja. Kipimo cha mbegu za kiume kinahitaji hadubini, kioo na fundi sanifu wa maabara aliyefundishwa kuhesabu. Hospitali za mikoa zina hadubini tayari. Kikiwa bure, na kikawa sharti la kwanza kabla mwanamke yeyote hajalazwa kwenye meza ya HSG, wake wengi wangeepushwa na maumivu na lawama, na wanaume wenye tatizo linalotibika wangeanza dawa mwaka uleule.